Mwenye Wembe

Bahari yetu huja ndani ya mfuko,
unga mweupe, kilo ishirini na tano.
Naukoroga ndooni kwa mwiko wa posho
kabla daktari hajafungua mlango,
na kipimo kikisema chumvi imetosha
naimimina polepole nyuma ya kioo,
mbele ya benchi la wenye meno mabovu.

Hakuna aliyewahi kuniuliza
Mbale na bahari wapi na wapi.
Huuliza tu: yule mweusi ana nini?

Yule mweusi ni kangaja.
Ndivyo alivyomwita dereva aliyemtoa Mombasa
kwenye nailoni iliyojaa pumzi,
akampakata kupitia Malaba kama mtoto wa homa.
Nikacheka. Kwangu kangaja ni chungwa dogo.
"Cheka," akasema. "Mkiani ana wembe."

Alitangulia wiki tatu. Basi.
Hiyo ndiyo hati yake ya kiwanja.
Jiwe kubwa lake, pango lake,
kivuli cha bomba chake,
na hata pale asipopataka
hataki mwingine apatake.

Kitatange alipoingia, manjano kama dumu jipya la maji,
hakupewa hata nafasi ya kusalimu.
Kangaja hakumuuma. Alijigeuza ubavu,
akatanua mapezi, akawa wawili,
akapita karibu, karibu mno, mkia kwanza.
Mara ya tatu ukabaki mstari mweupe kwenye manjano.
Tangu hapo kitatange akaishi nyuma ya hita,
wima, kama kalamu mfukoni,
akila kilichosahauliwa.

Wagonjwa waliipenda vita hiyo.
Mzee Wamimbi, magego mawili yametoka asubuhi hiyo hiyo,
alishangilia na pamba mdomoni.
Mama mmoja aliyekuja kuziba jino
alitazama muda mrefu, akasema,
"Huyu nimewahi kumpikia."

"Hamisha mawe," nesi Khainza akaniambia.
"Mfalme asiyejua chumba chake kilipo si mfalme."
Nikahamisha Jumamosi, mikono ndani hadi kwapani,
naye akanichana hapa, chini ya kidole gumba.
Daktari alishona nyuzi mbili bure,
akisema kliniki hii sasa ina wapasuaji wawili.

Siku mbili kangaja alitembea kama mgeni mjini.
Siku mbili kitatange alikula katikati.
Siku ya tatu jiwe likapata mwenyewe,
nami nikasema, haya, karudi.
Hapana. Alikuwa kitatange,
amesimama mlangoni pa pango, ubavu,
mapezi wazi, akikafukuza
kadogo kenye mistari kasichomkosea mtu.
Sijui alisomea wapi.
Nyuma ya hita, nadhani.

Kisha umeme ukakatika,
saa moja jioni, mvua ikiteremka toka Wanale,
jenereta haina petroli, daktari yuko Tororo.
Nikabana simu shingoni kwa ajili ya mwanga,
nikachota kwa kikombe, nikamwaga kutoka juu,
nikachota, nikamwaga, maji yapate pumzi.

Wakaja juu wote.
Kangaja, kitatange, kale kenye mistari,
midomo imegusa ngozi ya maji,
ubavu kwa ubavu, wembe umelala alani mwake.
Hakuna aliyeuliza jiwe ni la nani.
Nilihesabu vikombe hadi mia nane, nikapoteza hesabu,
nikaanza upya kwa Lumasaaba,
labda idadi ingekuwa ndogo.
Bega lilikufa ganzi. Wao walipumua.
Nikiri: niliwapenda usiku ule,
hata yule aliyenichana.

Saa saba taa zikarudi.
Bomba likakohoa, likatema povu.
Nikapangusa mikono kwenye sketi,
nikainama kutafuta kandambili zangu chini ya benchi,
na nyuma yangu maji yakapiga kioo,
chubwi,
kisha tena.

Sikugeuka.